Tovuti Hii Inafunguka kwa Nani? Historia ya Vivinjari, kutoka Geneva hadi Mudende

Mudende ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, kwenye miteremko ya volkano za Virunga, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Udongo wake wa volkano unajulikana kwa viazi, na malisho yake kwa maziwa. Mkulima wa huko leo anaufuata mtandaoni msururu wa mambo ambayo wazazi wake waliyafuata kwa miguu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mbolea ya ruzuku, malipo ya ada za serikali. Anapojaribu kufungua ukurasa katika simu yake, uamuzi mmoja umeshafanyika zamani, mbali naye. Aliyeitengeneza tovuti alishaamua ni vivinjari gani itavihudumia, na vipi itaviacha nje.

Kivinjari ni programu inayoomba ukurasa kutoka kwenye seva, ikausoma, kisha ikauchora kwenye kioo. Vivinjari havilingani. Kimoja kinaelewa maagizo ambayo kingine hakiyajui, na kifaa cha miaka kumi iliyopita hakiwezi yote yanayowezwa na cha jana. Kwa hiyo kila tovuti ina orodha ya vivinjari inavyovikubali, hata kama hakuna aliyeketi kuiandika. Orodha hiyo huhesabiwa kuwa shughuli ya mafundi. Historia inaonyesha jambo zito zaidi: kila mara ilipoandikwa, kuna watu waliopata huduma na kuna watu waliokosa, na mara nyingi waliokosa hawakuwa na nafasi ya kuulizwa.

1984–1997: Chuo kikuu kabla ya wavuti

Mwaka 1984 Kanisa la Waadventista Wasabato lilifungua Mudende chuo kikuu kilichoitwa Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati. Kilipokea vijana wa Rwanda na wa nchi za jirani zinazotumia Kifaransa. Kwa miaka kumi elimu ya juu ilikaa kijijini, palepale kwenye mashamba ya viazi.

Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikifikia chuo hicho. Watu waliokimbilia humo wakitafuta hifadhi waliuawa. Chuo kilifungwa, na kilipofufuliwa mwaka 1996 kilianza upya Kigali. Mudende ikabaki na kambi ya wakimbizi Watutsi kutoka Kongo, nayo ikashambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba 1997, na mamia ya wakimbizi wakauawa.

Tarehe hizi zina nafasi yake katika historia ya wavuti. Oktoba 1994 ndipo Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alipoanzisha W3C katika chuo cha MIT, Marekani, shirika ambalo mpaka leo linasimamia viwango vingi vya wavuti. Miaka iliyofuata ndiyo iliyoamua kurasa ziandikweje na vivinjari vizisomeje. Katika miaka hiyo Rwanda ilikuwa inazika wafu wake, inarudisha wakimbizi, inatafuta walimu na mahakimu. Kikoa cha nchi, .rw, kiliandikishwa mwaka 1996, lakini usimamizi wake ulibaki mikononi mwa kampuni ya nje hadi mwaka 2012 ulipokabidhiwa RICTA, jumuiya ya Wanyarwanda wenyewe. Nchi iliingia mtandaoni ikakuta kanuni zimeshaandikwa na watu ambao hawakuwa na Mudende akilini.

1990–1994: Ukurasa mmoja kwa kila mashine

Kanuni za mwanzo kabisa zilikuwa na ukarimu. Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT peke yake. Zilikuwa mashine za bei kubwa, na wanasayansi wengi wa CERN wenyewe hawakuwa nazo. Kama mambo yangeishia hapo, wavuti ingebaki chombo cha wachache.

Kazi ya kuufungua mlango alipewa Nicola Pellow, mwanafunzi wa Kiingereza aliyekuwa CERN kwa mafunzo ya vitendo. Aliandika kivinjari cha maandishi matupu, kisicho na picha wala kipanya, ambacho mtu alifuata viungo kwa kuandika namba. Kiliweza kuendeshwa kwenye karibu kila aina ya kompyuta iliyokuwapo, hata mashine dhaifu za kuandikia amri. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza katika historia hii wa kuchagua nani ahudumiwe, na jibu lake lilikuwa: anza na kifaa dhaifu, kwa maana kinachosomeka hapo kitasomeka kila mahali. Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba yeyote duniani anaweza kuutumia uvumbuzi huo bila malipo.

Mwaka huohuo wa 1993, Marc Andreessen na Eric Bina wa Chuo Kikuu cha Illinois walitoa Mosaic, kivinjari kilichoweka picha ndani ya maandishi. Umma ukakipenda. Lakini picha zilihitaji kioo kizuri na mtandao wenye kasi, na hapo ndipo ukurasa ulipoanza kuwatenganisha wasomaji wake.

1995–2001: Vita vya vivinjari

Desemba 1994 kampuni ya Netscape ilitoa Navigator. Agosti 1995 Microsoft ikajibu kwa Internet Explorer. Kwa miaka sita kampuni hizo mbili zilishindana, kila moja ikiongeza maagizo mapya ambayo kivinjari cha mwenzake hakikuyaelewa. Mwaka 1995 Brendan Eich wa Netscape alitengeneza lugha ya JavaScript kwa siku kumi. Microsoft ikatengeneza ya kwake iliyofanana nayo, lakini si sawasawa. Mwaka 1997, toleo la nne la kila upande lilipotoka, msanidi aliyetaka menyu moja ifunguke kwa wote alilazimika kuiandika mara mbili.

Wengi walichoka, wakachagua upande. Kurasa zikaanza kubandikwa tangazo la kumwambia msomaji kivinjari cha kutumia, na hata upana wa kioo anachopaswa kuwa nacho. Wengine walikwenda mbali zaidi wakafunga mlango. Kila kivinjari kinapoomba ukurasa hujitambulisha kwa seva, na Netscape ilijitambulisha kwa jina la Mozilla. Wasanidi waliandika masharti kwenye seva: akija Mozilla apewe ukurasa kamili, akija mwingine apewe ukurasa mkavu. Microsoft, isitake watumiaji wake wanyimwe, ilikifanya kivinjari chake nacho kijiite Mozilla. Waliofuata wakaiga. Safari ya Apple ilifanya hivyo mwaka 2003, Chrome ya Google ikafanya hivyo mwaka 2008, na mpaka leo karibu kila kivinjari kinachobisha hodi kwenye seva kinaanza kwa jina hilo.

Kutokana na hayo fundisho moja lilipatikana: ukimuuliza mgeni jina lake ili uamue kumkaribisha au kumfukuza, utawafundisha wageni wote kudanganya. Njia bora iliyochukua miaka kukubalika ni kupima uwezo. Ukurasa haukiulizi kivinjari kinaitwa nani. Unakiuliza kama kinaweza kazi fulani, na kama hakiwezi, unakipa njia nyepesi zaidi.

Mwaka 1998 wasanidi wenyewe walianzisha Web Standards Project, kundi lililozishinikiza kampuni kufuata viwango vya W3C. Mwaka huohuo serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu za Windows kuibana Netscape. Kesi ilipokwisha, Netscape ilikuwa imeshashindwa sokoni.

2001–2009: Toleo moja kwa dunia nzima

Internet Explorer 6 ilitoka Agosti 2001, ikafuatana na Windows XP. Mshindani alikuwa amekwisha, na Microsoft ikalegea: toleo la saba lilitoka Oktoba 2006, miaka mitano baadaye. Kwa tovuti nyingi za wakati huo, orodha ya vivinjari ilikuwa na jina moja tu.

Ndiyo miaka ambayo Rwanda ilijenga upya mawasiliano yake. Dira ya 2020 iliandikwa mwaka 2000, na mpango wa kitaifa wa teknolojia ya habari, NICI, ukaanza mwaka 2001 kwa awamu za miaka mitano: ya kwanza ya sera na sheria, ya pili ya miundombinu, ya tatu ya huduma. Katika miji ya Afrika Mashariki watu waliingia mtandaoni kupitia kafe za intaneti, kwenye kompyuta za mitumba zilizolipiwa kwa dakika. Nyingi ziliendeshwa kwa nakala za Windows zisizo na leseni. Internet Explorer 7 ilipotoka, Microsoft iliiruhusu kwenye Windows zilizothibitishwa kuwa halali pekee, sharti ambalo liliondolewa Oktoba 2007. Hadi wakati huo wenye nakala zisizo na leseni walibaki na kivinjari cha 2001 kwa sababu hawakuwa na njia rasmi ya kupanda. Baadaye wasanidi wa nchi tajiri walipowalaumu watu waliokataa kusasisha, wengi wa waliolaumiwa hawakuwa wamekataa kitu.

Gharama ya kushikamana na kivinjari kimoja inaonekana waziwazi Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilitaka usimbaji wenye nguvu kwa benki za mtandaoni, ikatengeneza wa kwake uitwao SEED, na ukaendeshwa ndani ya vivinjari kwa nyenzo ya Microsoft iitwayo ActiveX. Uamuzi ulikuwa na maana siku ulipofanywa. Matokeo yake, benki na ofisi za serikali zilifungwa kwenye Internet Explorer kwa karibu miaka 20, na cheti cha lazima kilichotegemea utaratibu huo kilipoteza nafasi yake ya pekee kisheria Desemba 2020. Nchi yenye mtandao wa kasi kuliko karibu zote duniani ilibaki mateka wa kivinjari ambacho dunia ilishakiacha.

Njia mbadala ilikuwa inajengwa wakati huohuo. Novemba 2004 ilitoka Firefox 1.0, iliyozaliwa na programu huria ya Netscape. Mwaka 2003 Steve Champeon na Nick Finck walieleza utaratibu wa kuandika ukurasa kwa tabaka: kwanza maandishi na fomu zinazofanya kazi kila mahali, kisha mapambo, kisha madoido kwa vivinjari vinavyoyaweza. Mwaka 2006 Nate Koechley wa Yahoo alipendekeza kuvipanga vivinjari kwa madaraja. Vya daraja la juu vinapewa kila kitu na kupimwa kila mara. Vya daraja la chini vinapewa kiini cha ukurasa bila mapambo, lakini vinapewa. Huo ulikuwa mgeuko wa fikra. Kukihudumia kivinjari hakukudai tena vivinjari vyote vione picha ileile. Kulidai kila mtu aondoke na kile alichokijia.

2005–2013: Simu ndogo na seva ya mbali

Mabadiliko makubwa kwa wakazi wa vijijini hayakutoka kwenye kompyuta. MTN ilifika Rwanda mwaka 1998, na katika muongo uliofuata simu zikawa nyingi kuliko kompyuta mara nyingi sana. Swali likawa: simu ya batani yenye kioo kidogo na kumbukumbu finyu itafunguaje ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta?

Kampuni ya Opera ya Norway ilijibu kwa Opera Mini, iliyojaribiwa Norway mwaka 2005 na kutolewa kwa dunia nzima Januari 2006. Kazi ngumu ilihamishwa kutoka kwenye simu. Mtu alipoomba ukurasa, ombi lilikwenda kwenye seva za Opera. Seva ziliuchukua ukurasa, zikauchora, zikaukandamiza, kisha zikatuma matokeo mepesi. Kampuni ilisema data iliweza kupungua hadi asilimia 90. Kwa mtu anayenunua vocha ndogo, hiyo ndiyo tofauti ya kusoma kurasa kumi na kusoma moja. Kwa miaka mingi Opera Mini ilikuwa miongoni mwa vivinjari vilivyotumiwa zaidi barani Afrika.

Lakini ilikuwa na mipaka ambayo kila msanidi alipaswa kuijua. JavaScript iliendeshwa kwenye seva ya mbali kwa sekunde chache, kisha ukurasa ukagandishwa. Kitufe kilichotegemea JavaScript ilibidi kipeleke ombi upya hadi kwenye seva, na menyu nyingi za kisasa zilikufa zikiwa nusu wazi. Fomu ya kawaida, yenye visanduku vya kujaza na kitufe cha kutuma, ilifanya kazi bila shida. Tena kulikuwa na suala la siri: katika utaratibu huo seva za kati ziliufungua ukurasa hata kama ulisimbwa. Tovuti ya habari haikuathirika sana. Huduma inayoomba namba ya kitambulisho ilipaswa kufikiri mara mbili, kwa kuwa kukifungia kivinjari hicho kulikuwa kuwafungia maskini, na kukiruhusu kulikuwa kumwamini mtu wa kati.

Miundombinu nayo ilikuwa inafika. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, na kufikia mwaka 2011 Rwanda ilikuwa imetandaza mkongo wa taifa wa zaidi ya kilomita 2,000 kando ya barabara zake, ukazifikia wilaya zote 30, Rubavu ikiwemo. Mashuleni, mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto uliosukumwa kuanzia mwaka 2008 uligawa kompyuta ndogo za XO zaidi ya 200,000. Kila moja ilikuwa na kivinjari chake kilichojengwa juu ya injini ya Firefox, ambacho hakikuonekana kwenye orodha ya tovuti yoyote ya kibiashara. Watoto wengi wa Rwanda walikutana na mtandao kwa mara ya kwanza kupitia kivinjari ambacho watengenezaji wa tovuti hawakujua kuwa kipo.

2014–2020: Mlango wa pili

Novemba 2014 mtandao wa 4G ulizinduliwa Kigali kupitia ubia wa serikali na kampuni ya Korea, KT, na katika miaka minne ukawafikia karibu wananchi wote kwa upana wa mawimbi. Lakini mawimbi hayana faida kwa simu isiyoyapokea. Wanyarwanda wengi waliendelea kushika simu za batani.

Mwaka 2015 serikali ilizindua Irembo, jukwaa moja la huduma za umma. Waliolijenga walifanya uamuzi ambao unastahili kukumbukwa katika historia hii. Pamoja na tovuti, waliweka namba fupi *909#, ambayo simu yoyote yenye laini inaweza kuibonyeza bila intaneti, na wakajenga mtandao wa mawakala wenye kompyuta ambao mwananchi angeweza kuwaendea. Malipo yaliweza kufanywa kwa fedha za simu, ambazo MTN ilizianzisha nchini mwaka 2010. Kwa njia hiyo mtu ambaye simu yake haiwezi kuchora ukurasa hakuachwa nje ya huduma.

Utaratibu huo ulijirudia. Mfumo wa Smart Nkunganire, unaosimamia mbolea na mbegu za ruzuku, ulimwezesha mkulima kujiandikisha kwa simu ya kawaida, huku wauzaji wa pembejeo wakifanya kazi kwenye mfumo wa mtandaoni. Machi 2020, Rwanda ilipowafungia watu majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, polisi walipokea maombi ya vibali vya safari kwa tovuti na kwa namba *127#. Katika dharura kila aliyenyimwa mlango mmoja alikuwa na mwingine.

Hata hivyo namba fupi haina uwezo wa ukurasa. Haiwezi kuonyesha hati, haipokei picha, na hukatika katikati mtu akichelewa kujibu. Wakala naye huchukua ada na muda, tena mwananchi humkabidhi mtu baki kitambulisho na siri zake. Milango hiyo iliokoa wengi, lakini haikuondoa wajibu wa kuifanya tovuti yenyewe isomeke kwenye simu dhaifu.

Wakati Kigali ikijenga milango, wasanidi duniani walikuwa wakirithi orodha bila kuziona. Chombo kiitwacho Browserslist, kilichoanzishwa na Andrey Sitnik, kiliwawezesha kuandika kwa mstari mmoja vivinjari ambavyo msimbo wao utavihudumia. Mwaka 2018 kiolezo maarufu cha kuanzishia miradi kilichotolewa na Facebook, Create React App, kilikuja na mstari huo umeshaandikwa, na ndani yake mlikuwa na agizo la kuiondoa Opera Mini katika matoleo yake yote. Agizo hilo lilikuwa na sababu ya kiufundi: kurasa zilizojengwa kwa mtindo huo zinategemea JavaScript kupita kiasi. Lakini kijana wa Kigali, Nairobi au Kampala aliyeanza mradi kwa kiolezo hicho alikiondoa kivinjari cha jirani zake bila hata kulisoma agizo lenyewe.

2019–2023: Simu kuukuu na vyeti vilivyokwisha

Simujanja zilianza kushuka bei. Desemba 2019 Rwanda ilianzisha kampeni ya Connect Rwanda ya kuzipatia familia maskini simujanja, na mwaka 2023 Airtel ilianza kuuza simu ya 4G kwa faranga 20,000. Katika masoko yake ya Afrika, MTN iliuza kuanzia mwaka 2019 simu za bei nafuu zenye mfumo wa KaiOS, uliotokana na mradi wa simu ulioachwa na Mozilla, shirika linalotengeneza Firefox. Toleo la mfumo huo lililoenea zaidi, 2.5, lilitumia injini ya Firefox ya mwaka 2016, na kivinjari chake hakikuweza kusasishwa peke yake. Mtu alinunua simu mpya dukani na kupata kivinjari cha zamani ndani yake.

Simu za Android zilizeeka kwa namna nyingine. Novemba 2020 shirika la Let's Encrypt, linalotoa bure vyeti vya usalama kwa mamilioni ya tovuti, lilionya kwamba theluthi moja hivi ya simu za Android duniani, zile za kabla ya toleo la 7.1, hazikijui cheti chake kikuu kipya. Cheti cha zamani kingekwisha Septemba 30, 2021. Siku hiyo simu hizo zingeanza kuonyesha onyo la hatari kwenye tovuti zisizo na hatari yoyote, na wenye nazo wasingeelewa kwa nini. Waliojua mambo walipendekeza watu watumie Firefox, yenye orodha yake ya vyeti. Mwishowe shirika lilipata njia: liliomba sahihi ya ziada kutoka kwa mwenye cheti cha zamani, kwa kuwa Android haikagui tarehe ya mwisho ya vyeti vyake vikuu. Wenye simu kuukuu wakaongezewa miaka mitatu, hadi 2024. Muda huo ulipatikana kwa sababu shirika liliwahesabu wenye simu za zamani kabla ya kufunga mlango.

Kwingine milango iliendelea kufungwa. Juni 15, 2022 Microsoft iliistaafisha Internet Explorer. Desemba 2023 Chrome 120 ilianza kudai Android 8 kwenda juu, kwa hiyo simu iliyotoka na Android 7 mwaka 2016 ikaachwa na kivinjari chake cha mwisho. Vivinjari vyenyewe vilipungua aina: Opera ilihamia injini ya Google mwaka 2013, na Edge ya Microsoft ikahamia mwaka 2020. Tofauti kubwa ikahama kutoka kati ya kampuni na kampuni, ikawa kati ya kipya na kikuukuu.

Mwaka 2023 ilitangazwa alama iitwayo Baseline, inayomwambia msanidi ni uwezo gani sasa unapatikana kila mahali. Uwezo unahesabiwa kuenea baada ya miezi 30 tangu vivinjari vikuu vyote viupate. Ni msaada mkubwa kwa msanidi. Lakini vinavyohesabiwa ni Chrome, Edge, Firefox na Safari. Opera Mini na simu za KaiOS hazimo. Miezi 30, tena, ni umri mdogo kwa simu ya kijijini, ambayo mara nyingi hupita mikononi mwa kaka, dada na mama kabla ya kutupwa.

Orodha iandikweje

Chuo kilichoondoka Mudende mwaka 1994 leo kina kitivo cha teknolojia ya habari Kigali, na kinatoa wasanidi wa programu. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, watu wanaoandika orodha ya vivinjari vya huduma za Rwanda wanaweza kuwa Wanyarwanda, wenye bibi na wajomba vijijini. Hivyo swali la jinsi ya kuchagua limekuwa swali lao, na miaka 30 iliyopita imewaachia majibu ya kutosha.

Jibu la kwanza linahusu takwimu. Wasanidi wengi huchagua vivinjari kwa kuangalia kumbukumbu za seva: kivinjari chenye wageni wachache kinaondolewa. Kumbukumbu hizo zina upofu, kwa kuwa mtu ambaye ukurasa haukufunguka harudi tena, na asiporudi hahesabiwi. Tovuti iliyowafungia wenye Opera Mini mwaka jana itaonyesha mwaka huu kwamba hawapo, na msanidi ataamini alikuwa sahihi. Dawa ni kuhesabu simu zilizopo sokoni na majumbani, zile zinazouzwa madukani katika mji wa Gisenyi wilayani Rubavu na zile zinazotengenezwa na mafundi wa mtaani, kabla ya kuangalia waliofanikiwa kuingia.

La pili ni lile la Pellow. Kiini cha huduma, yaani kusoma maelezo, kujaza fomu, kuituma na kupata namba ya uthibitisho, kiandikwe kwa njia inayofanya kazi kwenye kifaa dhaifu kuliko vyote, kisha mapambo yaongezwe kwa wenye uwezo. Kazi hii haina gharama kubwa ikianza siku ya kwanza. Inakuwa ghali ikiongezwa baada ya miaka mitano. La tatu ni madaraja ya Koechley: ahadi iwe wazi ni nani atapata ukurasa kamili na nani atapata kiini, na pasiwe na daraja la kukosa kabisa katika huduma ambayo mwananchi hana budi kuitumia.

La nne ni usalama, ambao una mipaka ya kweli. Kivinjari kisichoweza usimbaji wa kisasa hakistahili kupitisha namba za kitambulisho, na hapo ni haki kumfungia mtu ukurasa. Lakini afungiwe kwa maneno anayoyaelewa, kwa lugha yake, akielekezwa namba fupi au wakala aliye karibu naye. Irembo ilionyesha kwamba mlango wa pili unawezekana ukiwekwa tangu mwanzo.

La mwisho ni uwajibikaji. Korea Kusini iliteseka miaka mingi kwa sababu uamuzi wa mwaka mmoja haukuwekewa tarehe ya kutazamwa upya. Create React App iliwaondoa watumiaji wa Opera Mini kwa mstari ambao wengi waliouchukua hawakuusoma. Taasisi ya umma inapoagiza tovuti, mkataba utaje vivinjari na simu itakazohudumia, utaje nani atazipima na kwenye vifaa gani, na utaje mwezi ambao orodha itapitiwa tena. Orodha hiyo itangazwe, kama zinavyotangazwa saa za kufungua ofisi. Serikali inayohamisha dirisha lake la huduma kwenye mtandao inachukua wajibu uleule iliokuwa nao dirishani: kumhudumia kila raia anayefika, kwa simu aliyonayo.